Vani za mkate na stima ya usiku: shajara ya mradi wetu, Nakuru

Wiki ya 1, Jumatatu

Bosi ameniita ofisini akanisukumia karatasi mbili. Ya kwanza ni bili ya dizeli ya mwezi uliopita. Ya pili ni picha ya vani ya umeme aliyoipiga mwenyewe Nairobi, ikishusha mizigo nje ya duka la jumla. Hakusema mengi. "Angalia kama haya mambo yanawezekana hapa kwetu, halafu uniambie ukweli. Maneno ya muuzaji ninayo tayari." Nimepewa miezi sita.

Ndiyo maana naanza daftari hili. Mradi uliopita, ule wa kufunga traka kwenye magari, ulipokwisha hakuna aliyekumbuka nani aliamua nini, tukabishana mwaka mzima. Safari hii naandika.

Tulicho nacho ni vani 14 za dizeli, zote zilinunuliwa zikiwa zimetumika, na yadi moja Industrial Area nyuma ya kiwanda chetu cha mkate. Upakiaji huanza saa nane na nusu usiku. Gari la mwisho hutoka saa kumi na robo, na mengi huwa yamerudi kabla ya saa saba mchana. Baada ya hapo huanikwa juani mpaka usiku.

Wiki ya 1, Ijumaa

Siku nne nimezama kwenye rekodi za traka. Njia 9 kati ya 14 hazipiti kilomita 100 kwa siku. Sita ni za mjini na pembeni yake: katikati ya mji na soko, Section 58, Kaptembwo na Rhonda, Free Area mpaka Lanet, Kiamunyi, Bahati. Hizo ni kilomita 40 hadi 60 za kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, kazi inayoua klachi na injini ya dizeli kabla ya wakati. Gari la umeme huifurahia, kwa sababu likisimama halichomi kitu, na ukikanyaga breki mota hugeuka jenereta ikarudisha kidogo kwenye betri. Tatu ziko katikati kwa urefu: Njoro, Gilgil na Subukia. Zilizobaki, yaani Molo, Nyahururu, Naivasha, Kericho na Eldama Ravine, sizigusi kwa sasa. Molo nitaijaribu tu kwa sababu bosi ana mashamba huko na najua ataiuliza.

Tuna bahati moja ambayo wauza saruji hawana. Mkate ni hewa. Vani ikijaa kreti mpaka darini, mikate 1,500 ya gramu 400, ni kilo 600 za mkate. Nafasi huisha kabla ya uzito.

Wiki ya 2, Jumatano

Mama Akaunti (kila mtu humwita hivyo, hata bosi) amenifundisha hesabu nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Vani zetu za dizeli hutembea kama kilomita 10 kwa lita. Lita mwezi huu ni karibu shilingi 171, na kila tarehe 14 ya mwezi nchi nzima husubiri EPRA, mamlaka ya nishati, itangaze kama imepanda. Kwa hiyo kila kilomita hutukula shilingi 17 za mafuta peke yake, kabla ya oili, chujio na ile servisi ya kila kilomita 5,000.

Upande wa umeme nimekadiria robo yuniti (yuniti ni kilowati-saa moja) kwa kilomita, ukihesabu pia kile kinachopotea njiani kati ya mita na betri. Kwa bei tunayolipia stima ya kiwandani sasa, inakuja kama shilingi 7. Mama Akaunti akaandika 17, akaandika 7, akapiga mstari, akaniangalia juu ya miwani. "Kumi. Sasa niambie gari ni pesa ngapi."

Hapo ndipo tulipokaa. Vani mpya ya umeme hufika Nakuru kwa karibu bei ya mbili za dizeli zilizotumika, hata baada ya ushuru wa bidhaa wa magari ya umeme kushushwa mwaka 2019 kutoka asilimia 20 hadi 10.

Hesabu hiyo imenigeuza mawazo. Nilikuwa nimepanga kuanza na njia fupi za mjini kwa kuwa ndizo rahisi. Lakini gari lisilotembea haliokoi kitu. Njia ya kilomita 50 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, haifiki shilingi 15,000 za kuokoa. Njia ya Gilgil ya kilomita 90 inakaribia maradufu. Kwa hiyo zitakazotangulia ni Gilgil, Njoro na Subukia, na ya nne itakuwa Bahati.

Wiki ya 2, Jumamosi

Nimepoteza nusu siku kwa magari yaliyotumika kutoka Japani. Kuna Nissan e-NV200, vani ya umeme yenye usukani upande wetu. Ya kwanza, ya mwaka 2014, ilikuwa na betri ya yuniti 24, baadaye ikaja ya yuniti 40. Kenya haipokei gari lililotumika likiwa limepita miaka minane, kwa hiyo zile kongwe zimejifungia nje zenyewe. Kwenye dashibodi kuna mistari 12 inayoonyesha afya ya betri, na moja niliyotumiwa picha ilikuwa imebaki na mistari tisa. Dizeli iliyozeeka humeza mafuta zaidi, lakini inafika. Betri iliyozeeka inakuacha Mbaruk, njiani kwenda Gilgil, na mikate 1,500. Tumeliacha wazo hilo.

Wiki ya 4, Jumanne

Muuzaji amekubali kutuachia vani mbili mpya za Kichina kwa majaribio. Betri ni ya yuniti 42, ya aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti, ambayo nimeambiwa na kusoma kwamba huvumilia joto na kuchajiwa mara nyingi kuliko zile nyingine, ingawa ni nzito zaidi.

Nakiri kosa langu hapa. Nilinunua hatamu kabla ya punda. Chaja mbili za ukutani nilikuwa nimeshaziagiza wiki iliyopita kwa furaha ya bei nzuri. Zina plagi ya Ulaya, Aina ya 2. Vani zimekuja na tundu la Kichina, GB/T. Ukiziweka karibu zinafanana kabisa, mashimo saba kila upande, mpaka ujaribu kuzisukuma pamoja. Dereva mkuu alisimama nyuma yangu akitazama. "Bosi mdogo, hii ni kama kuoa kwa picha."

Adapta imeagizwa. Tunasubiri siku tisa huku tukichaji kwa waya mwembamba wa soketi ya kawaida, ambayo huchukua karibu usiku na mchana kujaza gari moja. Kuanzia leo, kabla ya kununua chochote, naomba picha ya tundu la gari kwanza.

Wiki ya 5, Alhamisi

Chaja zimefungwa, zimewashwa, zimekataa. Taa nyekundu. Fundi wa stima alidhani ni mbovu, akabadilisha moja kwa nyingine, bado nyekundu. Saa mbili baadaye akaleta mita ya kupimia ardhi ndipo tukajua: waya wa ardhini haukuwa na ardhi ya kushika. Chaja za gari hukagua jambo hilo zenyewe kabla ya kuruhusu stima ipite, tofauti na mashine za kukandia unga ambazo zimekuwa zikifanya kazi miaka yote bila kuuliza.

Mzee wetu wa gereji alicheka. Amechimba vyoo na misingi nusu ya mji huu. Udongo wa Nakuru ni majivu ya volkeno ya Menengai, alisema, maji hayakai humo hata mvua inyeshe wiki nzima. Ukichimba futi nne wakati wa kiangazi unakuta unga mkavu. Na udongo mkavu hauchukui stima vizuri.

Tulichofanya: fimbo ya shaba iliyokuwepo ilikuwa moja, tumeongeza tatu, tumeziachanisha, tumeziunganisha kwa waya mmoja, na kila shimo limejazwa udongo maalumu unaoshika maji. Fundi alipopima tena, akatikisa kichwa kwa mara ya kwanza akitabasamu. Taa ya kijani. Ningemwambia yeyote anayepanga chaja kati ya hapa na Gilgil aweke pesa ya kazi hii kwenye bajeti tangu mwanzo. Mimi sikuweka.

Jambo lingine, fupi. Fundi alitaka chaja zikae ukuta wa stoo ya unga kwa kuwa waya ungekuwa mfupi. Mzee wa tanuri alikataa katakata, na alikuwa na haki. Vumbi la unga hewani likipata cheche hulipuka. Chaja ziko upande wa pili wa yadi, karibu na lango, mita 40 za kebo zaidi.

Wiki ya 6, Jumatatu

Siku ya kwanza ya kazi halisi, njia ya Kiamunyi, kwa sababu ni fupi na siwezi kuaibika mbali.

Gari limerudi na asilimia 71. Shida imetoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepafikiria. Wenye vioski huamka kwa mlio wa injini yetu. Saa kumi na moja alfajiri mama wa kioski husikia ile dizeli ikikohoa kwenye kona, anavaa leso, anafungua. Leo vani ilifika kimya, dereva akabisha milango sita mmoja mmoja, na wa mwisho akatoka na rungu. "Mbona mnakuja kama wezi?"

Njia nzima imechelewa dakika 50. Nimewaruhusu madereva wapige honi mara mbili fupi kwenye vituo vya kwanza. Majirani hawatapenda.

Wiki ya 6, Ijumaa

Kuna kitu ambacho lazima kiandikwe, nacho nitakiandika bila kumtaja mtu. Madereva hawaitaki vani hii, na sababu wanazonipa (haina nguvu, itawaka moto, viti vigumu) si sababu. Lita mbili tatu za dizeli zimekuwa zikitoka kwenye matangi yetu miaka yote. Bosi anajua, mimi najua, mwenye mtungi kando ya barabara anajua. Ndiyo pesa ya chakula cha mchana na ya karo ikipungua. Stima huwezi kuifyonza kwa mpira.

Nimemwambia bosi kwamba kama tunataka mradi huu, tuweke posho ya chakula kwa uwazi kwa madereva na matanboi (wasaidizi wao), siku hiyohiyo gari la umeme linapopewa mtu. Alinyamaza muda mrefu. Akasema atafikiri. Mama Akaunti amepiga hesabu: posho hiyo ni ndogo kuliko kinachopotea.

Wiki ya 7, Jumatano

Molo.

Yadi yetu iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Molo iko karibu mita 2,500. Njia ni Njoro, Elburgon, Molo, na karibu yote ni kupanda. Nilikaa kiti cha abiria na kalamu.

Tulitoka na asilimia 97. Njoro, 86. Elburgon kulikuwa na ukungu na baridi, dereva akawasha hita, nikaizima, akaiwasha tena, nikamwacha kwa kuwa kioo kilikuwa kinafunga. Molo tulifika na 61. Hapo dereva alisimamisha gari akanigeukia kabisa. Alikuwa amefanya hesabu yake. Tumetumia 36 kuja, tuna maduka ya kuzunguka, na bado kurudi. "Kijana wangu, leo tutalala kwa nani huku?"

Nilimweleza kuhusu kushuka lakini sikuwa na uhakika wa sauti yangu mwenyewe. Kupandisha gari la tani mbili na robo kwa mita 650 ni kama yuniti nne za nguvu tupu, hata kabla ya kuhesabu umbali. Nguvu hiyo haipotei yote, iko pale mlimani inasubiri mtu ashuke nayo. Tulimaliza kugawa mkate tukiwa na 52. Kutoka Elburgon kushuka, gari tupu, mguu ukiwa hauko kwenye kanyagio cha mwendo, namba ilikwama 44 kwa kilomita kadhaa, halafu ikasoma 45. Dereva aliigonga dashibodi kwa kidole akidhani imeharibika. Tuliingia yadi na 36.

Kwa karatasi Molo inawezekana. Mimi nimeandika hapana. Barabara ikifungwa, tukizungushwa kwa njia ya Salgaa kwenye msongamano wa malori, mvua, hita, betri ikiwa na miaka minne, ile 36 inaliwa yote. Bosi hakufurahi. Nimemwambia tutairudia Molo siku itakapokuwa na mahali pa kuchajia tunapopaamini.

Wiki ya 8, usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano

Naandika haya saa kumi na moja alfajiri, nikiwa na unga kwenye viatu.

Chaja mbili za majaribio zilikuwa zinavuta stima ya kiwanda. Kila moja huchukua ampea 27 na nusu kwenye fezi moja, yaani mmoja wa nyaya tatu zinazoleta stima kiwandani. Mimi ndiye niliyemwambia fundi achukue stima pale paliporahisi, naye akazifunga zote mbili kwenye fezi nyekundu. Swichi kuu yetu ni ya ampea 100 kwa kila fezi. Wiki zote hizi hatukuona tatizo kwa sababu hatukuwahi kuchaji magari yote mawili kwa pamoja katikati ya usiku.

Usiku huu tulichaji. Saa sita na nusu mashine zote mbili za kukandia na feni za tanuri zilikuwa zinakwenda, ampea 71 kwenye fezi hiyo. Ongeza 55. Swichi ilishikilia kama robo saa ikipata moto, kisha kiwanda chote kikawa giza.

Kuirudisha kulichukua dakika 40, kwa kuwa soja alidhani ni stima ya mtaa imepotea na hakuniita. Donge moja lilikuwa ndani ya mashine, jingine lilikuwa linaumuka, likaumuka likapita kiasi likaporomoka. Njia tatu zimetoka bila mzigo kamili. Mzee wa tanuri hakupiga kelele, na ningependelea angepiga. Alikuja akasimama mlangoni akifuta mikono. "Kijana, mkate hauna subira. Hizo gari zako zitafutie stima yao."

Ndivyo itakavyokuwa. Hakuna gari litakalochajiwa kwenye stima ya kiwanda tena, hata moja, hata mchana.

Wiki ya 10, Ijumaa

Nilichokiona kama adhabu kimeleta faida. Tangu 2023 kuna bei maalumu ya stima kwa kuchaji magari, ambayo EPRA iliiweka kwenye ratiba ya bei: shilingi 16 kwa yuniti wakati wa kawaida, na 8 kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi. Tumeomba mita ya pekee, laini ya fezi tatu, ampea 60 kwa fezi.

Mtu asisome ile 8 akashangilia kama nilivyoshangilia. Juu yake kuna ada ya mafuta ya mitambo, ya fedha za kigeni, ya mfumuko wa bei, ya kusambaza stima vijijini, halafu VAT. Ikifika chini ya karatasi imekaribia kuwa maradufu. Nimeweka 15 kwenye hesabu zangu. Hata hivyo kilomita moja inashuka kutoka 7 hadi chini ya 4, na njia ya Gilgil sasa inaokoa kama shilingi 30,000 kwa mwezi. Mama Akaunti ameangalia mara mbili, akasema, "Hiyo sasa ni hesabu."

Bosi aliniuliza kwa nini usiku ni rahisi hivyo, kana kwamba kuna mtego. Jibu liko ndani ya kaunti yetu. Mvuke wa Olkaria, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa 1981, hautambui kwamba watu wamelala. Visima vinatoa saa 24. Usiku matumizi ya nchi yanaanguka na mvuke mwingine unaachiliwa hewani bila kuzungusha chochote. Nani hatauza rahisi kitu ambacho vinginevyo anakitupa?

Shida yetu ni saa. Bei rahisi inaanza saa nne, upakiaji unaanza saa nane na nusu, na jukwaa la kupakilia liko upande wa stoo, mbali na chaja. Nina saa nne na nusu. Kwa chaja ya kilowati 6.6 gari hupata kama yuniti 27 ndani ya betri. Gilgil hutumia 20. Inatosha, lakini dereva akichelewa kuchomeka kwa saa moja na nusu, haitoshi.

Wiki ya 12

Mita imefungwa. Chaja zimehamishwa, kila moja na fezi yake, na fundi ameandika kwa rangi ukutani ili mwingine asije akasahau. Posho ya chakula imepitishwa. Ghafla viti si vigumu tena.

Wiki ya 13, Jumapili

Jana mvua ya radi iliangusha stima mtaa mzima kuanzia saa tano kasoro usiku mpaka saa tisa. Jenereta yetu iliendesha tanuri. Dereva mmoja aliuliza kwa nini tusichaji vani kwa jenereta. Nilimwangalia mpaka akacheka mwenyewe: kuchoma dizeli ili gari lisichome dizeli.

Gari la Gilgil lilikuwa na asilimia 48, la Njoro 57. Tuliyabadilisha. Dizeli za Kiamunyi na Section 58 zikaenda mbali, za umeme zikashika njia hizo fupi kwa kilichobaki. Mkate wote ulifika. Kutokana na usiku huo tumeweka sheria: gari la umeme lisirudi yadi chini ya asilimia 40 bila kupiga simu, na njia mbili fupi zibaki na dizeli mpaka mwisho wa mradi, hata bosi akitaka zote zibadilishwe. Hiyo ndiyo bima yetu.

Wiki ya 14

Bosi ametia sahihi vani nne. Tundu la GB/T, usukani wa kulia, nimeomba picha za vyote viwili.

Wiki ya 19, Alhamisi

Wakati tunasubiri meli, kuna hesabu inayonikosesha usingizi. Tukifika magari tisa, laini yetu haitoshi. Ampea 60 kwa fezi hubeba chaja mbili za 27 na nusu, fezi tatu, jumla sita. Sita tu kwa wakati mmoja, na muda ni saa nne na nusu tu. Nilikuwa na njia mbili. Ama tulipie laini kubwa zaidi, pengine na transfoma, ama magari matatu yachajiwe mchana kwa bei ya 16. Nilikuwa nimeanza kuandika barua ya kuomba pesa.

Soja wetu wa usiku ndiye aliyeivunja. Ndiye anayechomeka na kuchomoa siku hizi, baada ya ule usiku wa giza nilimfundisha kila kitu na kumpa kitabu cha kaunta aandike. Jana nilikuwa kibandani kwake nikilalamika, yeye anachemsha chai ya tangawizi.

"Boss, kwani lazima kila gari ile kila usiku?"

Nikamuuliza ana maana gani.

"Hii ya Kiamunyi ikirudi iko na sabini. Naichomeka, inajaa saa sita, inakaa tu hapo imeshika tundu. Mimi niko na simu mbili. Hii ya kabambe, ya batani, nachaji kila siku tatu."

Nilichukua kitabu chake, nikakigeuza nyuma, nikaandika. Njia tatu ndefu, kila usiku: matundu matatu. Njia sita za mjini, hutumia yuniti 10 hadi 13 kwa siku, siku mbili ni 26 kwenye betri ya 42: usiku kwa zamu, matatu leo, matatu kesho. Matundu matatu. Jumla sita. Hakuna transfoma. Hakuna barua. Na zile njia mbili fupi zinazobaki na dizeli zinaniachia nafasi ya kupumua.

Zaidi ya miezi minne nimekuwa nikipanga kana kwamba vani ni tangi la dizeli, ambalo dereva hulijaza akirudi kwa sababu hamwamini atakayelichukua kesho. Kitabu cha kaunta kiko kibandani. Nimependekeza mshahara wake upande, na safari hii nimeiandika barua hiyo mpaka mwisho.

Wiki ya 24, Jumatano

Vani nne zimefika juzi. Tundu sahihi. Usukani sahihi. Kamera ya nyuma ya moja haifanyi kazi, jambo dogo. Dereva wa Molo, aliyenitishia kulala huko, ameomba Subukia.

Bado tuna deni la kazi: paa juu ya chaja kabla ya mvua za masika, kizima moto cha pili, na mtu wa kumshikia soja zamu siku zake za mapumziko. Mzee wa gereji anataka kujua atafanya nini gari lisipokuwa na oili ya kubadilisha. Nimempa breki, matairi na shoki, ambazo kwa barabara ya Subukia ni kazi ya mtu mzima.

Leo asubuhi nilipitia kitabu cha kaunta. Ukurasa wa usiku wa kwanza wa magari manne, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa:

SAA 4.05 NIMECHOMEKA GILGIL, NJORO, SUBUKIA. BAHATI IKO NA 74, HAILI LEO. SAA 7.20 NJORO IMEJAA, NIMETOA. SAA 8.15 GILGIL 98, SUBUKIA 96, NIMETOA ZOTE. PAKA AMELALA JUU YA BONETI YA BAHATI, HAINA MOTO LAKINI AMEZOEA. MVUA KIDOGO.